Natimiza 65 mwezi wa nane, kazi bado naendelea, na nyumbani natamani kurudi: Medicare nijiunge lini?

Ngalawa61
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Niko Marekani miaka mingi sasa na Agosti hii ya 2026 natimiza miaka 65. Nafanya kazi kwenye ghala kubwa lenye wafanyakazi mamia. Bima ya kampuni ninayo, na mama watoto (ana 63) yumo humo humo. Kustaafu sina haraka. Taarifa ya Social Security, mfuko wa pensheni wa serikali, inasema pensheni yangu kamili ni nikifika 67 kwa kuwa nimezaliwa 1961. Sasa tangu mwaka uanze sanduku la barua limejaa matangazo ya Medicare, ile bima ya afya ya serikali kwa wazee, simu nazo hazikatiki. Kazini kila mtu ana lake. Mmoja anasema ukipitisha mwezi wa kuzaliwa umekwisha, mwingine anasema subiri hiyo 67 vyote vije pamoja, wa tatu anasema mwenye bima ya kazi hayamhusu.

Halafu kuna la kwetu ambalo wa kazini hawawezi kunijibu. Nina nyumba Tanga. Nikistaafu nataka niwe nakaa huko miezi saba, minane kwa mwaka, na mwisho wake huenda nikahamia moja kwa moja. Kwa mtu wa namna hiyo Medicare ina faida gani? Wenye kuijua karibuni.

Dereva wa Usiku
Ngoja waje wataalamu. Nami nina 62, nasoma kimya kimya.

Bi Karani
Marahaba mdogo wangu. Nilikuwa ofisi ya madai ya bima hospitalini mpaka nikastaafu, na sasa najitolea kwenye ofisi ya ushauri wa Medicare ya jimbo letu. Swali lako nakutana nalo kila mara. Nianze na hiyo 67, maana ndiyo inayowaumiza watu kuliko yote.

Pensheni ya Social Security na Medicare ni vitu viwili, ingawa mlango wa kuombea ni mmoja. Pensheni kamili imesogezwa hadi 67 kwa waliozaliwa 1960 na kuendelea. Umri wa Medicare haujasogea tangu Rais Lyndon Johnson aliposaini sheria yake Julai 1965: ni 65. Wazee waliotutangulia hawakuupata mkanganyiko huu kwa sababu zamani vyote viwili vilikuwa 65. Mtu alikwenda siku moja akatoka na vyote. Na anayeanza kuchukua pensheni mapema, angalau miezi minne kabla ya 65, kadi ya Medicare inamfuata nyumbani bila kuomba. Wewe hujaanza kuchukua, kwa hiyo hakuna atakayekuandikisha. Hayo makaratasi kwenye sanduku lako ni ya kampuni za bima. Usikae ukisubiri serikali ikukumbushe.

Dirisha lako la kwanza la kujiandikisha lina miezi saba: mitatu kabla ya Agosti, Agosti yenyewe, na mitatu baada yake. Yaani tarehe 1 Mei hadi 30 Novemba. Ukijiandikisha Mei, Juni au Julai, bima inaanza 1 Agosti. Ukijiandikisha Agosti au baada yake, inaanza tarehe mosi ya mwezi unaofuata.

Sasa unachojiandikishia. Part A ni ya kulazwa. Hiyo umeshailipia: kila mshahara wako hukatwa asilimia 1.45 na mwajiri anaongeza 1.45 nyingine. Mwenye pointi 40 za kazi halipi ada ya mwezi, na kwa kuwa mwaka mmoja hautoi zaidi ya pointi nne, hiyo ni kazi ya miaka kumi. Part B ni ya madaktari, vipimo na matibabu ya kwenda na kurudi. Hiyo ina ada kwa kila mtu: mwaka jana ilikuwa dola 185 kwa mwezi, mwaka huu ni 202.90. Mwenye kipato kikubwa anaongezewa, na wanaangalia kodi yako ya miaka miwili nyuma. Kwa mwaka huu nyongeza inaanzia kipato cha dola 109,000 kwa anayejaza kodi peke yake na 218,000 kwa wanandoa wanaojaza pamoja.

Kwa kuwa ghala lenu lina watu zaidi ya 20 na bima yako inatokana na kazi unayoifanya sasa hivi, sheria inakuruhusu kuiacha Part B mpaka utakapoacha kazi, bila faini. Bima ya kampuni inaendelea kulipa kwanza. Siku kazi au bima hiyo itakapokoma, lolote litakalotangulia, unafunguliwa dirisha lingine la miezi minane. Utajaza fomu mbili: CMS-40B ya kuomba, na CMS-L564 ambayo mwajiri anathibitisha kwamba ulikuwa na bima yake. Hii ya pili ishughulikie kabla hujaaga. Ukishaondoka, kumpata mtu wa kuijaza kunaweza kuwa kazi nyingine.

Part A wengi wanaichukua tu wakifika 65 kwa kuwa ni bure. Isipokuwa kwa mwenye akaunti ya HSA, ile ya akiba ya matibabu isiyotozwa kodi. Angalia hati yako ya mshahara kwanza, kisha rudi hapa.

Ngalawa61
Asante sana dada. Hiyo HSA nitaiangalia wiki hii, sina uhakika makato yale ni ya nini. Kwa hiyo yule wa "umekwisha" na yule wa "hayakuhusu", wote walikuwa na kipande cha ukweli?

Bi Karani
Yule wa "umekwisha" labda bima yake ni ya kununua mwenyewe, au amestaafu. Kwake ni kweli kabisa. Kosa dirisha bila bima ya kazi, na faini ya Part B ni asilimia 10 ya ada kwa kila miezi 12 kamili uliyochelewa, nayo haifutiki. Unailipa kila mwezi maisha yako yote, na kwa kuwa inahesabiwa juu ya ada ya mwaka husika, ada ikipanda nayo inapanda. Tena huwezi kuingia siku unayotaka. Unasubiri Januari hadi Machi, na bima inaanza mwezi unaofuata baada ya kujiandikisha.

Mama Imani
Naomba nichangie, maana hiyo namba 20 watu huipita haraka. Mimi nafanya kazi ya kutunza wazee majumbani kwenye kampuni ndogo, hatufiki kumi na watano. Bima ya kazi nilikuwa nayo, nikaambiwa kazini "wewe una bima, Medicare ya nini". Nikafanyiwa upasuaji wa goti nikiwa na 66. Bima ikarudisha madai ikisema: kwa umri wako na ukubwa wa kampuni yenu, Medicare ndiyo ingelipa kwanza, sisi ni wa pili, tutatoa fungu letu la pili tu. Na Medicare yenyewe sikuwa nayo. Deni lile nalilipa mpaka leo kidogo kidogo.

Faini sikupigwa, hilo kweli, kwa sababu bima ya kazi ilikuwapo. Lakini faini ingekuwa nafuu mara mia kuliko lile deni.

Bi Karani
Pole sana mama, na ahsante kwa kulileta. Ndivyo ilivyo: chini ya watu 20, Medicare inalipa kwanza ukiwa na 65, na bima ya kampuni inaweza kufanya kana kwamba Part B unayo hata kama huna. Kwa hiyo mtu wa kampuni ndogo aingie A na B zote mbili akifika 65. Na swali liulizwe kwa kampuni ya bima yenyewe, kwa maandishi: "Nikifika 65, nani analipa kwanza?" Bosi wa ofisi ndogo mara nyingi hajui, na hana nia mbaya.

Dereva wa Usiku
Sasa ngoja niulize la kwangu. Nimeendesha teksi, nikaendesha malori, sasa abiria wa simu. Miaka kadhaa nilikuwa nalipwa mkononi, sikujaza kodi. Pointi 40 nazijuaje?

Bi Karani
Fungua akaunti yako kwenye tovuti ya Social Security, utaona kila mwaka na kipato kilichoandikwa. Mwaka uliolipwa mkononi utausoma sifuri. Anayejiajiri akijaza kodi analipa mchango wa Medicare wote mwenyewe, asilimia 2.9, na pointi zinaingia. Mwaka huu pointi moja ni kipato cha dola 1,890, kwa hiyo kipato cha 7,560 kinakupa zote nne. Huhitaji kufanya kazi miezi yote 12. Una 62, kama zimepungua sita au nane, miaka unayo bado.

Miaka ya kazi uliyofanya nyumbani, iwe Tanzania, Kenya au kwingine, haihesabiki humu. Na ukifika 65 na pointi chini ya 30, Part A inauzwa dola 565 kwa mwezi mwaka huu. Ukiwa na 30 hadi 39 ni 311. Part B juu yake.

Ila kabla hujakata tamaa, angalia cheti cha ndoa. Ukiwa na 65, na mwenzi wako ana pointi 40 na ametimiza angalau 62, na ndoa ina mwaka au zaidi, Part A yako ni bure kupitia pointi zake. Ngalawa, hili limguse na shemeji pia kama alikaa na watoto miaka mingi.

Ngalawa61
Limemgusa. Alifanya kazi miaka minne tu. Basi akifika 65 atapita kwangu. Lakini dada, kabla hajafika huko: mimi nikiacha kazi leo, yeye bima yake inakuwaje? Medicare inambeba?

Bi Karani
Haimbebi. Medicare haina mke wala mtoto, kila mtu na kadi yake. Ukiacha kazi kabla hajafika 65, anaweza kubaki kwenye bima ya kampuni kwa COBRA akilipia mwenyewe ada yote, au aingie soko la bima la serikali. Kupoteza bima kunamfungulia siku 60 za kuchagua. Kwake yeye COBRA ni sawa. Kwako wewe mwenye zaidi ya 65 COBRA ni mtego: unajiona una bima, kumbe ile miezi minane inahesabika tangu siku kazi iliyokuwa inaileta bima ilipoisha. COBRA inaweza kudumu miezi 18. Mtu anatoka humo dirisha limeshafungwa zamani.

Wakala wa Familia
Habari wanajukwaa. Mnajichosha bure na hesabu za A na B. Chukueni Medicare Advantage, ina meno, miwani, dawa, mazoezi ya jimu, na nyingine ada ni sifuri kabisa. Mimi ni wakala mwenye leseni, njooni faragha niwasaidie bila malipo.

Mkwezi
"Bila malipo" 😂 Kamisheni unalipwa na nani, mkuu?

Bi Karani
Tusimvamie, mawakala wana kazi yao na wapo waaminifu. Ila maneno yawekwe sawa. Hata mpango wa ada sifuri, Part B yako unaendelea kuilipa. Sifuri ni ile ya juu yake.

Medicare ya asili, A na B, inakupeleka kwa daktari yeyote nchini anayepokea Medicare. Ubaya wake ni matobo. Kila unapolazwa kwa kipindi kipya unatoa dola 1,736 za kwanza; kwenye Part B unatoa 283 za mwanzo wa mwaka, kisha asilimia 20 ya kila kitu, na hiyo 20 haina kikomo. Ukipata saratani, asilimia 20 ya bili ile ni bei ya nyumba. Ndiyo maana watu wananunua Medigap, bima ya ziada ya kuziba matobo, pamoja na Part D ya dawa.

Advantage ni kampuni binafsi inayokuhudumia badala ya serikali. Ina kikomo cha mwaka cha pesa zinazotoka mfukoni kwako, na hilo ni jema. Lakini ina orodha yake ya madaktari na hospitali, na vipimo au matibabu mengi yanasubiri kibali cha kampuni kwanza. Kwa mtu mwenye afya anayekaa mji mmoja inaweza kumfaa. Mwenye pesa ndogo pia, kwa sababu Medigap ina gharama.

Ninalotaka mlishike ni la Medigap. Una miezi sita tu, kuanzia Part B inapoanza ukiwa na 65 au zaidi, ambayo kampuni haiwezi kukuuliza una sukari au una presha. Ikipita, majimbo mengi kampuni inaruhusiwa kukupima, kukupandishia bei au kukukataa. Mtu anaingia Advantage akiwa mzima, anaugua akiwa na 72, anataka kurudi Medicare ya asili. Kurudi anaruhusiwa kila mwaka kati ya 15 Oktoba na 7 Desemba. Medigap ndiyo haimpokei tena. Wakala, hili la pili huwaambia wateja?

Wakala wa Familia
Huwa naeleza. Na si kila mtu anaweza kulipa Medigap, mama. Wengi wanaonijia wana pensheni ya dola elfu na kidogo.

Bi Karani
Hapo umesema kweli. Na kwa hao, kabla ya mpango wowote, waulizwe kwanza kuhusu Medicaid ya jimbo, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, na ile misaada ya kulipiwa ada ya Part B. Ipo kila jimbo, na watu wetu hawaombi kwa sababu hawajui au wanaona aibu.

Mtu wa Uvira
Ndugu zangu, amani kwenu. Sisi tuliingia kama wakimbizi kutoka kambi ya Nyarugusu. Baba ana 64, anafanya kazi kiwanda cha nyama. Kuna mtu kanisani alisema wakimbizi wamefutwa Medicare. Ni kweli ama ni maneno ya watu? Na kwenye karatasi baba amezaliwa 1 Januari 1962, kama nusu ya kambi.

Bi Karani
Ndugu, ni nusu ya kweli. Sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 imepunguza orodha ya wanaostahili Medicare. Waliobaki ni raia, wenye grin kadi, kundi maalumu la Wakuba na Wahaiti, na watu wa visiwa vya Pasifiki vyenye mkataba na Marekani. Mkimbizi au mwenye hifadhi ambaye bado hana grin kadi ametolewa, na waliokuwa tayari ndani mwisho wao ni 4 Januari 2027. Kwa hiyo swali la baba ni moja: grin kadi anayo? Mkimbizi hutakiwa kuiomba akishatimiza mwaka mmoja nchini. Kama anayo, sheria hiyo haimgusi. Kama hajaomba, msilale. Nendeni kwa wakili au shirika lililowapokea.

Pointi zake nazo ziangalieni. Kama hajafika 40 na hana mwenzi mwenye nazo, atahitaji kuwa na grin kadi na awe amekaa nchini miaka mitano mfululizo ndipo aruhusiwe kununua. Hii ni kwa wazazi wote tunaowaleta huku pia. Mama anashuka uwanja wa ndege ana 68, watoto wanadhani Medicare inamsubiri.

Sasa hiyo tarehe ya kuzaliwa, nimefurahi umeitaja. Aliyezaliwa tarehe mosi, kwa sheria hii anahesabiwa kutimiza umri siku moja kabla. Baba anatimiza 65 tarehe 31 Desemba 2026. Kwa hiyo mwezi wake ni Desemba, na dirisha lake ni 1 Septemba 2026 hadi 31 Machi 2027. Akijiandikisha kati ya Septemba na Novemba, bima inaanza 1 Desemba. Wenzake wote wa Januari mosi waambieni, wana mwezi mmoja wa mapema ambao hawaujui.

Mtu wa Uvira
Mungu akubariki mama. Grin kadi anayo tangu 2019. Nitalitangaza Jumapili.

Mkwezi
Sasa turudi kwenye swali la Tanga, naona mmelikwepa. Mimi nina 68, nimerudi Pangani, nakuja Marekani mara moja moja kuona wajukuu. Part B sina na sijutii. Medicare haitibu nje ya Marekani, kila mtu anajua. Nilipe zaidi ya dola mia mbili kila mwezi kwa kitu nisichokitumia? Faini waniwekee, sitarudi.

Bi Karani
Hatujakukwepa mkuu, tulikuwa tunakusubiri wewe. Hesabu yako tuipige sawasawa, maana wengi wanatishana na faini bila kuipigia hesabu.

Chukua mtu aliyekaa nje miaka mitano bila Part B. Faini yake ni asilimia 50. Kwa ada ya mwaka huu ni dola 101.45 juu ya 202.90, jumla 304.35 kwa mwezi. Miaka mitano ya kulipa bila kutumia ingemgharimu kama dola 12,174. Gawa kwa 101.45, unapata miezi 120. Maana yake itamchukua miaka kumi ya faini kufikia pesa aliyookoa. Kwa hesabu ya pesa peke yake, Mkwezi hajakosea.

Kinachoniogopesha mimi ni kalenda. Huku kwetu umri wa 70 na kitu ndio figo zinaanza kusumbua, moyo, saratani ya tezi dume. Mtu anaugua Aprili, watoto wanasema baba rudi, anarudi Mei. Part B hawezi kuiomba mpaka Januari. Part A anayo, kwa hiyo akilazwa kitanda kimelipiwa, lakini daktari anayemwona akiwa amelazwa analipwa na Part B. Mionzi ya kwenda na kurudi ni Part B. Dawa ya saratani ya dripu kliniki ni Part B. Miezi hiyo yote inalipwa na nani?

Mkwezi
Watoto.

Bi Karani
Waulize kwanza.

Mkwezi
😂 Haya, umenipata hapo. Ila niseme na upande wangu. Wapo tunaolipa Part B miaka kumi kwa hofu, tunafia nyumbani bila kuigusa. Mimi ile dola mia mbili nimenunulia bima ya huku na nimebakiwa. Mtu aamue akijua anapoteza nini, si kwa kutishwa.

Bi Karani
Hapo tunakubaliana. Asiyekusudia kabisa kurudi kutibiwa Marekani, anaweza kuacha. Anayesema "labda", kwangu mimi huyo alipe.

Kwa Ngalawa wa miezi saba Tanga na mitano hapa, jibu langu ni A na B, Medigap, na si Advantage. Mipango mingi ya Advantage ukiwa nje ya eneo lake zaidi ya miezi sita mfululizo wanakutoa. Medicare ya asili haikuulizi uko wapi mradi ada inalipwa. Na Medigap za herufi fulani, kama G na N, zina kipengele cha dharura nje ya nchi: baada ya dola 250 za kwanza wanalipa asilimia 80 ya dharura inayotokea ndani ya siku 60 za mwanzo wa safari, na kikomo cha maisha yote ni dola 50,000. Baada ya siku 60 uko peke yako, kwa hiyo tafuta na bima ya huko.

Part D ni tofauti kidogo. Ukihamia nje moja kwa moja hustahili kuwa nayo, na ukirudi kuishi hapa unapewa miezi miwili ya kujiunga, bila faini kwa ile miezi uliyoishi nje. Kwa anayebaki hapa, siku 63 mfululizo bila bima nzuri ya dawa zinaanza kuhesabiwa faini. Kila mwaka kabla ya 15 Oktoba kampuni yako hutakiwa kukuandikia kama bima yao ya dawa inakidhi kiwango cha Medicare. Barua hiyo ihifadhi, usiitupe pamoja na matangazo.

Na ambaye bado ni mwenye grin kadi, siyo raia: kukaa nje miezi mingi kuna matatizo yake ya uhamiaji. Huo ni uzi mwingine.

Dereva wa Usiku
Nimeingia kwenye akaunti. Pointi 33. Nilidhani ziko ishirini. Saba nitazipata ndani ya miaka miwili.

Mama Imani
Hongera kaka. Na hizo simu zinazopigwa kila saa zikiuliza namba ya Medicare, watu wasitoe. Mama mmoja kwetu alitoa, Medicare ikatozwa mikanda ya mgongo ambayo hakuiona kamwe.

Bi Karani
Kweli kabisa. Medicare haikupigii simu bila wewe kuanza kuomba namba ya kadi. Namba yao ni 1-800-MEDICARE, unapiga wewe, na unaomba mkalimani wa Kiswahili, ni bure. Ofisi za ushauri kama yetu ziko kila jimbo, hatuuzi chochote.

Ngalawa61
Nimerudi. Nimeangalia hati ya mshahara na nimeuliza ofisini. HSA ninayo, mimi naweka dola 150 kila mwezi na kampuni inaongeza. Bima ya dawa inakidhi, barua nimepewa nakala. Kwa hiyo Agosti nachukua Part A au sichukui?

Bi Karani
Usichukue. Ukiwa na sehemu yoyote ya Medicare, hata A ya bure, huruhusiwi kuingiza pesa mpya HSA. Ya zamani unaitumia tu. Kwa kuwa bima ya kazi unayo, kuichelewesha hakuna faini. Pensheni pia usiianze, kwa sababu aliyefika 65 akianza pensheni analetewa Part A, atake asitake.

Halafu angalia mwisho wake. Ukija kuomba baada ya 65, Part A inarudishwa nyuma miezi sita. Tuseme unaomba vyote Agosti 2028 ukiwa na 67, kazi unaiacha mwezi unaofuata. Part A yako itaandikwa kuanzia Februari 2028, na chochote ulichoweka HSA kuanzia mwezi huo kitaleta faini ya kodi. Kwa hiyo mchango wa mwisho uwe Januari 2028, wako na wa kampuni. Mwambie anayetayarisha mishahara mapema, maana wao hawatakukumbusha. Part B iombe mwezi mmoja kabla ya kuondoka, L564 ikiwa tayari imejazwa, na Medigap utafute miezi hiyo hiyo.

Ngalawa61
Nimenakili yote. Shemeji yenu naye anauliza: yeye anatimiza 65 lini hesabu yake ianze? Kazaliwa 14 Februari 1963.

Bi Karani
Msalimie. Dirisha lake ni 1 Novemba 2027 hadi 31 Mei 2028. Wakati huo wewe bado uko kazini, kwa hiyo kwa bima yako naye anaweza kuchelewesha Part B bila faini. Part A aombe kupitia pointi zako. Asisahau cheti cha ndoa, na kama kimeandikwa kwa Kiswahili wapelekeeni tu, Social Security wana watu wao wa kutafsiri.